Pikapu ya Mapichi

Leo ukikutana na Chevrolet C10 ya 1972 katika barabara za Denver, ujue mwenyewe ana pesa za kuchezea. Rangi inawaka, bampa zinang'aa, bodi ya nyuma haijabeba hata tofali tangu gari lifanyiwe matengenezo, na siku ya maonyesho hupelekwa juu ya trela ili matairi yasiguse vumbi. Mwaka 1983 pikapu hizo zilikuwa magari ya kazi yaliyochoka. Zilibeba majani ya ng'ombe, kuni, mabomba na mbwa, na mtu aliyeendesha mojawapo aliendesha kwa sababu hakuwa na uwezo wa kununua nyingine.

Habari ya pikapu moja ninayotaka kuisimulia niliishuhudia mwanzo hadi mwisho, na niliwahi kuyaandika mambo yake kwa mkono wangu na kutia sahihi ili yasomwe mbele ya hakimu. Nakala ya karatasi zile ninayo. Bila hizo, mengi yangeshachanganyika na ya magari mengine.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Ufundi nilianza kujifunza Tanga mjini, kwenye Bedford na Land Rover, magari ambayo gia unaitafuta kwa mkono na ukiikosa gari lenyewe linakwambia. Giaboksi ya otomatiki nilikuwa nimeiona kwa chini tu, kwenye gari la mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi bandarini, na fundi aliyenifundisha hakutaka hata kuigusa. Alisema kitu kile hakifunguliwi, kinazikwa. Nilipopata ufadhili wa kanisa kwenda kusoma ufundi wa magari Denver, mwaka 1981, mafunzo ya vitendo nikapangiwa katika gereji iliyoshughulika na giaboksi za otomatiki peke yake. Wenzangu walionihurumia hawakuwa wachache.

Mwenye gereji alikuwa mzee wa bonde la San Luis, kusini mwa Colorado. Alizungumza Kihispania na mkewe na Kiingereza na wateja. Akiwa chini ya gari hakuzungumza na mtu. Hakuwa na subira na mafundi wanaoshusha giaboksi kabla ya kuuliza maswali. Kuishusha, kuifungua na kuirudisha ni kazi ya siku nzima au zaidi, na mteja hulipa siku hiyo hata kama ubovu ulikuwa mahali pengine. Kwa hiyo kanuni yake ilikuwa fupi: nje kwanza, ndani baadaye.

Majira ya baridi ya 1982 yalitupa kazi tusiyoiomba. Mkesha wa Krismasi ilianguka theluji ya karibu sentimita 60 kwa siku moja, na mitaa midogo ya Denver ikakaa wiki na wiki bila kusafishwa. Watu husema theluji hiyo ilichangia kumwangusha meya Bill McNichols, aliyekuwa ofisini tangu 1968, kwani uchaguzi wa 1983 ulimwingiza Federico Peña. Sisi tuliihesabu kwa namna nyingine. Mtu aliyekwama kwenye theluji hutia D, akakanyaga mafuta, akatia R, akakanyaga, akarudi D, hivyo hivyo asubuhi nzima, akitikisa gari hadi litoke. Gari hutoka. Klachi za ndani ya giaboksi hubaki zimeungua. Hadi Machi tulikuwa tukimwaga mafuta meusi yenye harufu ya mkate ulioungua, na mambo hayo yatakuja kuwa na maana mbele ya hakimu.

Mama wa mapichi alikuja Agosti. Alikuwa mjane mwenye shamba la matunda Palisade, upande wa magharibi wa milima, ambako mapichi huiva katikati ya joto la kiangazi na hayasubiri mtu. Aliyaleta Denver mwenyewe kwa pikapu, safari ya zaidi ya kilomita 350 kupitia Vail na handaki la Eisenhower. Mimi mapichi nilikuwa nikiyajua tangu utoto, kwa sababu Lushoto yapo, na barabara ya kuyashusha hadi Mombo inapinda kwenye mabonde namna ambayo dereva asiye na gia nzito hafiki. Nadhani ndiyo maana shida yake niliielewa kabla hajamaliza kuieleza.

Akitoka Silverthorne kupanda kwenda kwenye handaki, alisema, anakanyaga mafuta hadi mwisho na gari halishuki gia. Linabaki kwenye ya tatu. Injini inakoroma, mwendo unaanguka hadi maili 30 kwa saa, malori nyuma yake yanapiga honi. Mwezi wa nne alikuwa ameipeleka katika gereji moja, wakamwambia giaboksi imekwisha, wakaifungua na kuitengeneza upya. Alilipa. Shida ikabaki vilevile. Fundi wa pili akamwambia giaboksi imekwisha tena.

Hapo lazima nieleze mashine yenyewe, kwa kuwa bila hivyo kisa hiki ni malalamiko tu.

Giaboksi ya C10 ile ilikuwa Turbo-Hydramatic 350, iliyoanza kutoka katika magari ya 1969. Ina gia tatu za mbele: ya kwanza 2.52, ya pili 1.52, ya tatu moja kwa moja. Hakuna kompyuta ndani yake, wala waya wa umeme unaochagua gia. Kuna mafuta yenye presha, springi na valvu. Valvu ya kubadilishia gia ni kijiti cha chuma kinachoteleza ndani ya tundu lake. Upande mmoja inasukumwa na presha ya gavana, kidude kinachozungushwa na shafti ya kutokea: gari likiongeza mwendo, presha hiyo inapanda. Upande wa pili inasukumwa na springi pamoja na presha inayofuata mzigo wa injini. Mwendo ukishinda, gia inapanda. Mzigo ukishinda, inashuka.

Mzee alipenda kusema giaboksi ni hakimu kipofu. Hauoni mlima wala hayaoni matunda nyuma. Ana mashahidi watatu tu, na anachoamua hutegemea wanachomwambia. Shahidi wa kwanza ni gavana, anayesema mwendo. Anakaa upande wa kushoto nyuma, chini ya kifuniko cha mviringo kinachobanwa na waya, na unaweza kumtoa bila kuishusha giaboksi. Wa pili ni modyuleta, kikopo cha bati upande wa kulia kinachoshikwa na bolti moja. Ndani kina kiwambo cha mpira, na kutoka kwake kuna bomba jembamba hadi kwenye manifoldi ya injini. Dereva akiwa amelegeza mguu, vakyumu ya injini ni kubwa na inakivuta kiwambo. Akikanyaga, vakyumu inaanguka, springi inasukuma, na giaboksi inajua injini imelemewa. Wa tatu ni kebo inayotoka kwenye kabureta, ikapita nyuma ya injini na kuingia ubavu wa kulia wa giaboksi. Kebo hii haina la kusema hadi mguu ukaribie mwisho kabisa. Ndipo inapovuta valvu ya kushushia gia, na gari linaruka kwenda ya pili. Kaka yake mkubwa, Turbo-Hydramatic 400, hana kebo hii. Yeye anatumia swichi na solenoidi, na ubovu wake unatafutwa kwa taa ya majaribio.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalitii maanani. Katika giaboksi hii, kutoka ya tatu kwenda ya pili hakuna klachi mpya inayotakiwa kushika. Klachi ya gia ya pili imeshashika tangu mwanzo na haijawahi kuachia. Inayotakiwa ni ile ya gia ya tatu iachie tu. Kwa hiyo giaboksi inayokataa kushuka kutoka ya tatu, lakini inapanda vizuri na haitelezi, mara nyingi haijachakaa. Haijaambiwa.

Mzee alimuuliza mama swali moja. Ukivuta mkono wa gia mwenyewe ukaweka kwenye 2, inakuwaje?

"Inaingia mara moja," alijibu. "Ndivyo ninavyofika."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kwake kesi ilikuwa imeshapungua nusu. Kama mkono unaipata ya pili na mguu hauipati, basi ya pili ipo, nzima, na ubovu uko njiani kati ya mguu na valvu.

Hata hivyo alianza na mafuta, kama kawaida. Alivuta kijiti cha kupimia, akapangusa mafuta kwenye karatasi nyeupe, akayanusa. Yalikuwa mekundu, safi. (Mafuta ya zamani ya otomatiki, yaliyotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa yakichanganywa na mafuta ya nyangumi aina ya kashaloti ili klachi zishike kwa ulaini, hadi Marekani ilipompiga marufuku mnyama huyo sokoni. Mzee aliyakumbuka kwa masikitiko, mimi sikumsikitikia.) Kisha akachomoa mpira wa vakyumu kwenye modyuleta na kutazama kama kuna mafuta ndani. Kiwambo kikipasuka, injini huyanyonya mafuta ya giaboksi na kuyachoma. Unaona moshi mweupe nyuma na kiwango kinapungua wakati chini ya gari pakavu. Mpira ulikuwa mkavu.

Akafunga geji ya vakyumu. Ilionyesha inchi 14 hivi, injini ikiwa inanguruma taratibu. Nikasema injini ni mbovu, maana Tanga, usawa wa bahari, injini nzima hutoa 18 au 20. Akanielekeza nitazame mlimani. Kila futi 1,000 unazopanda, geji inapoteza kama inchi moja, na Denver iko futi 5,280 juu ya bahari, yaani mita 1,609. Kwa hapo, 14 ni afya. Kwenye handaki la Eisenhower, zaidi ya futi 11,000, hubaki kidogo kabisa. General Motors ilikuwa hata na modyuleta za nyanda za juu, zenye kikopo kilichotolewa hewa ndani, ili giaboksi isidanganyike na hewa nyepesi.

Nilipolitafakari hilo ndipo nilipoona kwa nini mzee alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Mlima unapunguza vakyumu. Vakyumu ikipungua, giaboksi inadhani imelemewa. Ikidhani imelemewa, inakuwa nyepesi zaidi kushuka gia, siyo nzito. Gari la mama lilikuwa linafanya kinyume cha linavyosukumwa na mlima wenyewe. Modyuleta haikuwa na hatia. Gavana naye angekuwa amekwama na presha juu, gari lisingekubali kurudi ya kwanza hata likisimama kwenye taa, na hilo mama alisema halijawahi kutokea.

Ikabaki kebo, na mguu unaoivuta.

Mzee akafungua chujio la hewa, akaniambia niingie ndani nikanyage aksileta hadi chini, injini ikiwa imezimwa, naye akamulika tochi kwenye koo la kabureta. Ilikuwa Rochester Quadrajet, yenye milango miwili midogo mbele na miwili mikubwa nyuma. Mguu ukiwa mwisho, bati zote zinatakiwa zisimame wima. Aliniuliza kama nimekanyaga mwisho. Nikasema ndiyo. Akarudia kuniuliza. Akaja mlangoni, akanitoa, akaingiza mkono chini ya aksileta na kuvuta zulia nene la mpira, na chini yake zulia jingine la manyoya. Mama alikuwa ameyatandika majira ya baridi ili miguu isigande. Nilipokanyaga tena, bati zilisimama.

Kwa hiyo aksileta ilikuwa ikigota kwenye zulia kabla ya kebo kufika mahali pa kuvuta. Injini ilikosa pumzi kidogo tu, kiasi ambacho dereva haoni, lakini kebo ilikosa kipande chake chote cha maana. Tukaizungusha pikapu mitaa ya karibu, mzee akakanyaga, ikaruka kwenda ya pili kwa nguvu hadi nikashika dashibodi. Alimtoza mama kidogo sana. Mama hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu ya fedha aliyolipa mwezi wa nne.

Wiki iliyofuata akarudi. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Mjini inashuka, alisema, na Vail ilishuka vizuri, lakini kupanda kwenda handakini iligoma kama zamani. Mapichi yalikuwa bado nyuma, kreti zimepangwa hadi juu ya kingo. Mzee akamwambia asishushe hata moja. Gari litapimwa kwa mzigo uleule.

Tukapanda watatu kwenye kiti kimoja kirefu: mzee kwenye usukani, mama dirishani, mimi katikati nikiwa na geji mbili magotini. Moja ilikuwa ya vakyumu, mpira wake umepitishwa dirishani. Nyingine ilikuwa ya presha ya mafuta, imefungwa kwenye tundu la kupimia ubavuni mwa giaboksi. Tukashika barabara ya I-70 kuelekea magharibi. Mlima wa kwanza baada ya Golden, gia ilishuka bila shida. Tukateremka Floyd Hill, tukapita Idaho Springs, tukafika Georgetown, ambako barabara inapanda kwa ukali kwenda Silver Plume. Hapo ilisita kwanza, kisha ikashuka. Baada ya Silver Plume ikagoma.

Nakumbuka mzee alivyosema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa, "Soma."

Nikasoma. Vakyumu sifuri. Presha ya mafuta imepanda juu, kama inavyotakiwa. Mwendo maili 40, unaanguka. Yaani modyuleta imesema kweli na pampu imeitikia, injini imelemewa na giaboksi inajua, lakini ya pili haiji. Mzee akainua mguu na kukanyaga upya. Hakuna. Akavuta mkono hadi 2, injini ikanguruma, kreti zikagongana nyuma, tukapanda. Akalipeleka gari nje ya barabara, kwenye uwazi karibu na Loveland, chini kidogo ya mlango wa handaki, na kuzima injini.

Hewa pale ni nyembamba, na mimi nilihema kwa kufungua boneti tu. Mzee alimwambia mama akae kwenye usukani na akanyage aksileta polepole hadi mwisho, akaniambia mimi nilale chini nitazame kebo. Kebo ina sehemu mbili, uzi wa ndani unaovuta na ala ya plastiki inayoufunika. Mama alipokanyaga, uzi ulianza kuvuta vizuri. Kisha, karibu na bomba la eksozi, ala yenyewe ikaanza kupinda. Plastiki ilikuwa inang'aa kwa joto, imelainika, na badala ya uzi kusonga ndani yake, ala ndiyo iliyojikunja na kuutolea nafasi. Upande wa kabureta kila kitu kilikwenda hadi mwisho. Upande wa giaboksi, kipande cha mwisho hakikufika.

Mjini hatukuliona jambo hili kwa sababu eksozi haikuwa imepata joto la kutosha. Vail mama alishuka gia kwa sababu plastiki ilikuwa bado haijalegea. Ilihitaji mlima mrefu, mzigo, na nusu saa ya injini kuungua, ndipo plastiki ilegee. Karakana ya tambarare ingeweza kuitafuta mwaka mzima.

Nilitoa waya uliokuwa umefunga kreti moja, tukaivuta kebo mbali na bomba na kuifunga kwenye boriti ya mwili wa gari. Tukasubiri ipoe. Mzee akawasha, akaingia barabarani, akakanyaga. Ilishuka hapohapo, na tukaingia handakini kwa maili 50. Njia ya kurudi aliteremka na mkono ukiwa kwenye 2, breki akizigusa mara mojamoja. Katika 2 kuna bendi inayoshika ndani ya giaboksi na kufanya injini iwe breki. Kwenye D bendi hiyo haishiki.

Kebo mpya tuliifunga kesho yake. Kuirekebisha ni kazi ndogo: unafungua kufuli la plastiki kwenye kebo, unafungua kabureta hadi mwisho kwa mkono, unabonyeza kufuli lirudi. Kilichochukua muda ni kutafuta mahali pake pa zamani. Kebo ile hutakiwa kushikwa na kibanio kwenye giaboksi, ikae mbali na eksozi. Kibanio hakikuwapo. Tundu la bolti yake lilikuwa safi, halina vumbi wala kutu, kuonyesha kwamba kulikuwa na kitu pale hadi karibuni.

Nitoke kidogo. Giaboksi hii iliacha kutengenezwa katikati ya miaka ya 1980, nafasi yake ikachukuliwa na 700R4 ya gia nne, yenye kebo inayofanana kwa macho. Vijana wanaotengeneza pikapu za zamani leo huziweka 700R4 na kuiacha kebo imelegea, wakidhani kazi yake ni kushusha gia tu. Siyo. Kebo ya 700R4 inatawala presha yote ya mafuta, na ikilegea klachi huungua kabla hujafika mbali. Na miaka ya tisini, nikiwa nimesharudi Tanga, yalipoanza kuingia magari ya Japani yaliyotumika, nikafungua boneti ya Toyota Hilux Surf na kukuta kebo inayotoka kwenye mlango wa hewa wa injini kwenda kwenye giaboksi. Mafundi wenzangu walikuwa wameshakata shauri kununua giaboksi nyingine. Pale kipimo ni kidogo zaidi: aksileta ikiwa mwisho, kati ya kizuizi cha kebo na mpira wake panatakiwa pasizidi milimita moja. Pengo lilikuwa la kuingiza kidole.

Sasa mahakama.

Mama alikwenda kwenye mahakama ya madai madogo, ambako kwa kawaida mawakili hawaruhusiwi na kila mtu anajisemea. Alidai gereji ya kwanza imrudishie fedha zote za kutengeneza giaboksi, pamoja na gharama za kebo. Hoja yake ilikuwa rahisi: giaboksi ilikuwa nzima, ubovu ulikuwa zulia, na wao walimwongezea ubovu wa pili kwa kutorudisha kibanio. Alituomba mzee na mimi tuandike.

Mimi niliandika nilichokiona: zulia, ala ya kebo, tundu lisilo na kutu. Mzee naye aliandika hayo hayo. Mama alitaka aongeze sentensi moja tu, kwamba giaboksi haikuwa na haja ya kufunguliwa mwezi wa nne. Mzee akakataa.

"Sikuiona kabla hawajaifungua," alisema.

"Lakini unajua."

"Nadhani. Sikuiona."

Mama aliondoka bila kuaga. Mimi nilimwona mzee ni mkaidi, na kwa muda mrefu niliendelea kumwona hivyo. Dalili zote zilikuwa upande wa mama. Mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi angeweza kusema zaidi ya alichokishika kwa mkono, na madaktari hufanya hivyo kila siku.

Mbele ya hakimu, mwenye gereji ile alisema walipofungua sufuria ya chini walikuta mafuta meusi na vipande vya klachi vilivyoungua. Hakimu akamtaka avionyeshe. Hana, vilishatupwa. Nilidhani hapo mama ameshinda. Ndipo hakimu akamgeukia mama na kumuuliza kama gari lilipata kukwama popote majira ya baridi. Angeweza kusema hakumbuki. Alisema ndiyo: mkesha wa Krismasi alikuwa kwa dada yake Denver, na kesho yake alilitikisa gari mbele na nyuma asubuhi nzima hadi likatoka kwenye theluji.

Mzee hakugeuka kunitazama, wala mimi sikumtazama. Wote wawili tulikuwa tumemwaga mafuta meusi ya theluji ile hadi Machi.

Uamuzi ulitoka siku ileile. Gereji ilipe kebo na kazi yetu ya kuitafuta, kwa sababu kibanio kilipotea mikononi mwao. Fedha za kufungua giaboksi hazirudishwi, kwani hakuna aliyeweza kuthibitisha ilikuwa katika hali gani ilipoingia. Mwenye gereji aliandika hundi palepale mezani. Mama akaipindua, akatia sahihi nyuma, akampa mzee, maana ile kazi ya pili alikuwa bado hajailipa.

"Na matairi ya mbele yanalika upande mmoja," alimwambia. "Nikuletee Jumatatu?"

"Matairi sishughuliki nayo," mzee alijibu, "lakini lete."